Milango ya Bluu ya Wino

Kikao kilichukua dakika arobaini. Kaka yangu mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna kikao asichokiongoza, alisimama katikati ya sebule ya nyumba ya shamba akatoa uamuzi: Shangazi ahamie kwake mjini. Alitaja sababu mbili. Kwanza, presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya Shangazi sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki tu. Pili, Shangazi alikuwa ameanguka mara mbili katika mwezi mmoja, na mara zote mbili ilikuwa ndani ya nyumba hiyo.

"Nyumba hii ni pango," alisema Mwenyekiti. "Hata mimi mwenye macho mazima napapasa."

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani, plasta kwenye paji la uso. Alimwacha amalize.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, Shangazi."

"Umesema tatizo ni giza la nyumba. Basi nyumba itibiwe. Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili za kufanya nini?"

"Kupaka rangi."

Binamu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alimtazama Shangazi kwa upole wa mtu ambaye ameshatandika kitanda cha mgeni na anajua mgeni atakuja tu.

"Jumamosi ya pili nitakuja na gari," alisema. "Nikikuta umeumia tena, au bado unapapasa kuta, hakuna mjadala."

"Na nisipopapasa?"

"Hatujafika huko."

"Mimi nimeshafika," alisema Shangazi.

Watu walipotawanyika, mimi nilibaki. Nilikuwa nimeanza likizo, na Shangazi alijua hivyo kabla sijamwambia. Ananiita Rula tangu nilipokuwa darasa la tatu, kwa sababu nilikuwa napiga mistari kwenye madaftari ya wenzangu bila kuombwa.

"Kaa, Rula," aliniambia. "Wewe ndiye mwenye mpango kila siku. Leta mpango."

Nieleze hapa alichokuwa akikipigania, kwa maana Mwenyekiti alidhani ni ukaidi wa uzee. Shangazi alizaliwa katika chumba cha tatu cha nyumba hiyo. Aliolewa, akafiwa, akarudi, na kwa miaka thelathini shamba lilikuwa mikononi mwake. Bado alikamua ng'ombe wanne kila alfajiri, kwa sababu kukamua ni kazi ya vidole, na vidole vyake havikuwa na ugonjwa wowote. Mjini angepewa chumba kizuri ghorofa ya tatu, redio, na watu wa kumuuliza kama amekula. Alikuwa ameshaishi huko siku tisa alipokwenda kliniki. Alirudi akasema kwamba kwa siku tisa nzima hakuna mtu aliyemwomba afanye jambo lolote.

Nyumba yenyewe ilijengwa na Babu. Madirisha yake ni madogo, na paa la baraza limeshuka chini mno kama kofia ya mtu asiyetaka kusalimiwa. Nusu ya chini ya kila ukuta ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kahawia, nzito, karibu na nyeusi. Nusu ya juu ilikuwa ya chokaa, iliyogeuka rangi ya chai ya rangi kwa moshi wa miaka ambayo moto ulikuwa ukiwashwa ndani. Milango ilikuwa ya kahawia, dari ya kahawia, sakafu ya saruji nyeusi. Babu alikuwa na sababu yake. Wafanyakazi waliingia na tope, na juu ya kahawia tope halionekani. Hakuuondoa uchafu, aliupa mahali pa kujificha.

Nilichora mpango kwenye karatasi ya miraba. Rangi nyeupe kwenye kuta, dari, milango, fremu na rafu za jikoni. Sakafu iwe kijivu hafifu. Sikuona haja ya kufikiri zaidi. Palipo na giza huletwa mwanga, na rangi ya mwanga ni nyeupe.

"Na milango?" aliuliza Shangazi nilipomsomea.

"Nyeupe."

"Haya. Wewe ndiye Rula."

Fundi wa rangi alikuja Jumatatu. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia iliyokusanya rangi za nyumba zote alizowahi kupaka. Alipitisha ukucha kwenye ukuta, akanusa, akatikisa kichwa.

"Dada, ulitaka chokaa?"

"Nilifikiri chokaa ingetosha."

"Chokaa juu ya rangi ya mafuta haikai. Itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Na huu moshi, ukiufunika hivi hivi, wiki moja tu unatokeza tena madoa ya njano. Lazima tusugue kwa msasa, tupake rangi ya kuzibia, ndipo tupake unayoitaka."

"Siku ngapi?"

"Tukijikaza, Jumapili tunamaliza."

Tulijikaza. Siku tatu tulisugua. Vumbi la kahawia la Babu lilitujaa puani, masikioni na kwenye chai. Shangazi alifunga kitambaa usoni akasugua nasi, na kwa kuwa alifanya kazi kwa kiganja, ukuta wake ulikuwa laini kuliko wangu. Fundi aliupima kwa mkono akaniambia nijifunze. Alhamisi tulipaka rangi ya kuzibia. Ijumaa na Jumamosi tulipaka nyeupe, mara mbili kila mahali, na Jumapili asubuhi Fundi alimalizia sakafu ya jikoni ambayo ilikuwa imebaki.

Mchana sakafu ilipokauka, nilisimama mlangoni nikaona nyumba nisiyoijua. Mwanga ulioingia kwenye madirisha yale madogo ulikwenda mpaka ukuta wa mwisho na kurudi. Fundi alivua kofia yake. Nilijiona nimeshinda, na ninakiri kwamba nilikuwa tayari nimeshamwandalia Mwenyekiti maneno.

Shangazi alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Alivuka kizingiti, akasimama.

"Eh. Humu kumekucha kweli."

Akatabasamu, akaelekea jikoni kwa mwendo wa kasi ambao sikuwa nimeuona kwake kwa mwaka mzima. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Ubavu wa mlango huo ulimpiga katikati ya paji la uso, palepale penye plasta. Ndoo ilianguka. Shangazi aliketi sakafuni pole pole, mgongo ukitelezea ukutani.

Nilimkimbilia. Damu ilikuwa kidogo, nikaipangusa.

"Maziwa yamefika wapi?" aliuliza.

"Yako miguuni pako, Shangazi."

Aliinamisha kichwa. "Siyaoni."

Kisha akaelekeza uso wake mbele, kushoto, kulia, taratibu, kama mtu anayesoma ubao ulio mbali.

"Sikiliza, Rula. Zamani mlango ulikuwa shimo, na upande wa pili wa shimo kulikuwa na mwanga. Niliufuata mwanga nikapita. Giza lilinikwaza sakafuni, kwenye vidato vya baraza, kwenye viti. Lakini milango niliijua. Sasa mlango ni mweupe, ukuta ni mweupe, kikombe cheupe, rafu nyeupe. Umenitia ndani ya ndoo ya maziwa ukafunika."

Niliketi kando yake. Fundi alijifanya anaosha brashi ambayo tayari ilikuwa safi. Nilisema maneno mengi ya kuomba radhi, halafu nikasema la mwisho ambalo sikutakiwa kulisema: pengine Mwenyekiti alikuwa sahihi.

"Hebu rudia," alisema Shangazi.

Niliinua ndoo iliyokuwa imeanguka.

"Ulipokosea hesabu shuleni, ulihama shule?"

"Hapana."

"Ulifanyaje?"

"Nilifuta."

"Basi. Wewe umepaka nyumba ya macho yako, na imependeza, nimesikia Fundi anavyohema kwa furaha. Sasa tutapaka nyumba ya macho yangu. Fundi."

"Naam, Mama."

"Una vipande vya mbao?"

"Ninavyo."

"Kila rangi uliyonayo kwenye makopo yako, mpya, ya zamani, iliyobaki kwa watu, ipake kwenye kipande chake. Kesho tutaanza."

Hivi ndivyo tulivyofanya. Fundi alipaka vipande kumi na viwili, kila kimoja na rangi yake. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza agizo kwa ukamilifu, aliongeza cha kumi na tatu: kipande cha mlango wa zamani wa stoo, chenye rangi ya kahawia ya Babu ambayo hatukuwa tumeisugua. Tulitundika kipande kimoja kimoja kwenye ukuta mweupe wa mwisho wa korido. Shangazi alikaribia mpaka pua iguse, kisha akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, huku mimi nikihesabu. Pale kipande kilipoyeyuka ndani ya weupe, alisema "kimekwenda", nami nikaandika idadi ya hatua.

Bluu ya mbingu ilikwenda hatua ya pili. Waridi, ya tatu. Njano, ambayo mimi niliiwekea matumaini makubwa kwa sababu ni rangi ya kuchangamka, ilikwenda kabla hajamaliza hatua ya pili.

"Hiyo kweli uliitundika?" aliuliza.

Kijani cha majani kilifika hatua ya sita. Nyekundu iliyoiva ilifika ya kumi. Bluu ya wino, iliyobaki kwenye kazi moja ya geti, ilifika ya kumi na tatu. Kipande cha mwisho kilifika ya kumi na nne, mpaka kisigino cha Shangazi kikagusa mlango wa mbele.

"Hicho ni rangi gani?"

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama daftari.

"Kahawia ya Babu," nilisema.

Kisha Shangazi alicheka, kicheko cha kutoka tumboni, akashika fremu ya mlango asianguke kwa kucheka.

"Mzee yule. Siku tatu nimemsugua kwa msasa, na bado anataka kurudi kupitia mlangoni. Paka bluu ya wino."

"Lakini kahawia imeishinda kwa hatua moja," nilisema.

"Hiyo hatua moja naitoa sadaka. Nimeijua kahawia miaka sitini na nane. Paka bluu."

Siku zilizofuata alikuwa msimamizi asiye na dogo. Milango yote ikawa ya bluu ya wino, na fremu zake pia. Ubavu wa kila mlango, ule uliompiga, ukapakwa nyekundu iliyoiva. Kila swichi ukutani ilizungushiwa mraba wa bluu. Rafu za jikoni zikawa za bluu ili vikombe vyeupe vionekane juu yake, na meza ikawa hivyo hivyo. Sakafu tuliiacha kijivu hafifu, kwa sababu aligundua kwamba juu yake kiatu cheusi kinaonekana kutoka mbali. Kwenye baraza, vidato vitatu vya kushukia uani vilikuwa vya saruji nyeusi, na huko ndiko njano ilikopata kazi. Shangazi alisimama katikati ya ua, Fundi akaweka ubao wa njano juu ya kidato, na Shangazi akasema anaiona hata akiwa amepofushwa na hasira.

Fundi hakufurahi. Alipiga mistari ya njano kwenye kingo za vidato huku akinung'unika.

"Mama, mimi nina jina mjini. Watu watapita, wataona miraba na mistari, watauliza nani alifanya hivi. Watasema nilikuwa nimelewa."

"Waambie ulikuwa umelewa."

"Mama."

"Lakini mstari unyooke. Sitaki wa mlevi."

Fundi aliufuta kwa kitambaa chenye tapentaini, akapiga tena ulionyooka.

Jumamosi Mwenyekiti alifika saa tisa alasiri. Alishuka garini na sanduku kubwa la safari, jeusi, jepesi kwa kuwa lilikuwa tupu. Alisimama chini ya vidato akatazama juu, na nilimwona akitafuta neno.

"Hii ni nini? Nyumba ya mtu mzima au chekechea?"

"Ingia, baba," sauti ya Shangazi ilitoka ndani. "Mlango ni huo wa bluu. Hata wewe utauona."

Aliingia. Aliweka sanduku chini kwenye korido, akaja sebuleni, akasalimia kwa heshima, kisha akainama karibu na uso wa Shangazi.

"Hiyo plasta ni mpya."

Nilifungua mdomo kueleza. Shangazi alinitangulia.

"Niligonga mlango Jumapili. Mlango mweupe kwenye ukuta mweupe. Tumeurekebisha."

"Basi tulikubaliana, Shangazi. Nilisema nikikuta umeumia tena."

"Ulisema. Kaa kwanza. Nikuletee chai."

"Rula ataleta."

"Nani kasema?"

Aliinuka. Hakugusa kiti wala ukuta. Alipita kando ya mlango wa jikoni uliokuwa wazi nusu, akiukwepa ubavu wake mwekundu bila kupunguza mwendo. Tulisikia vikombe vikishuka kutoka kwenye rafu, kimoja, viwili, vitatu. Mwenyekiti alikuwa akisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza mtoto akipanda mti. Shangazi alitokea tena na trei mikononi, akashika njia ya korido kurudi sebuleni.

Hapo ndipo mimi na Mwenyekiti tulipokumbuka sanduku. Lilikuwa katikati ya korido. Mwenyekiti aliruka kutoka kitini, lakini alikuwa mbali.

Shangazi alisimama hatua tatu kabla ya kulifikia. Aliinamisha kichwa upande, akatazama sakafu. Kisha akapita ukutani, kushoto, trei ikiwa imara, akaingia sebuleni akaiweka mezani.

"Kuna kitu cheusi umekiacha njiani," alisema. "Mimi nimekipita. Rula atakikwaa."

Mwenyekiti aliketi tena. Alichukua kikombe, hakunywa.

"Umeikariri nyumba, Shangazi. Ni yako tangu utotoni. Unaitembea kwa kichwa."

"Sanduku lako nimelikariri lini?"

Mwenyekiti alizungusha kikombe mikononi. Alipozungumza tena, sauti ya kikao ilikuwa imemtoka, ikabaki ya yule kijana aliyefundishwa na Shangazi kukamua.

"Na ukianguka na hakuna mtu? Nani atakuokota? Mimi hilo ndilo linaninyima usingizi."

"Hilo ndilo swali," alisema Shangazi. "Mbona hukuliuliza siku ile? Ulileta habari ya giza." Alimpa sukari. "Mtu anayesafisha zizi anakuja asubuhi na jioni. Simu ninayo, na Rula ameipa namba yako kitufe kimoja. Nipigie kila siku saa mbili. Nisipopokea, njoo mbio, nitakushukuru nikiwa sakafuni. Huenda nikaanguka, baba. Nitaanguka nikielekea mahali."

"Kwangu pia kuna mahali."

"Kwako kuna kitanda kizuri sana. Nimekilalia. Nilikuwa nakisikia kinanizoea."

Mwenyekiti alinitazama kutafuta msaada. Nilikunywa chai yangu.

Shangazi alimaliza kikombe chake, akakiweka, akaenda korido. Alilishika sanduku mpini, akalinyanyua. Mwenyekiti alisema aliache, litamlemea. Alijibu kwamba halina kitu ndani na halitakuwa na kitu. Alitoka nalo kwenye baraza, sisi nyuma yake. Kwenye vidato alishuka bila kushika nguzo, mguu ukikanyaga nyuma ya mstari wa njano, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akatembea uani hatua kadhaa. Kisha akasimama.

Ua ni wa kokoto. Alisogeza kichwa kushoto na kulia.

"Gari liko wapi?"

"Mbele yako, Shangazi," alisema Mwenyekiti. "Hatua mbili."

"Rangi gani?"

"Kijivu."

"Kijivu juu ya kokoto. Unamficha nani?"

Mwenyekiti alicheka, jambo ambalo halimo katika kumbukumbu za vikao vyetu. Akapokea sanduku kutoka mkononi mwake. Alilishika muda, kama anayetafuta mahali pa kuliweka, mwishowe akafungua buti ya gari akalitupia ndani, akafunga.

"Nikushike mkono turudi?" aliuliza.

"Turudi wapi?"

"Nyumbani."

Shangazi aligeuka. Alinyoosha mkono, kidole kikielekea mlango wa bluu bila kuyumba.

"Si ile pale," alisema, akatangulia.